Nilichomimina Kwenye Gari la Aiman

Sehemu ya sita

Breki dauni ilikuwa imeshaiacha Boko, gari jekundu la Aiman likiwa mgongoni limefungwa minyororo kama mwizi, na mie nimekaa mbele na dereva nimepakata begi lenye karatasi za gari.

"Mzee wangu, hili dude limekufa na nini?" dereva akauliza.

"Limekufa na ujuzi."

Akacheka. Alidhani namsema fundi. Nilikuwa najisema mie.

Kwa wale waliofungia maandazi gazeti la wiki iliyopita kabla hawajalisoma, nawakumbusha. Mie ni Romani, mtu wa Newala. Darasa la nne nimesoma kwa mapadri, la tano sikulimaliza, mengine yote nimeyasomea barabarani: Tunduma, Lubumbashi, Beira, Mombasa. Miaka thelathini na nane ya usukani wa lori. Lori la mwisho lilinitema Mbezi Luis na begi moja na goti bovu. Mzee Zahor, muuza vifaa vya ujenzi, akaniokota, akanipa chumba cha uani kwake Boko niwe dereva wa familia. Nikajiona nimefika.

Mwanawe Aiman alikuwa ameingiza gari la spoti kutoka ng'ambo. Milango miwili, liko chini kama kobe, kelele zake zinaamsha maiti. Alilipenda kuliko mchumba wake. Wiki iliyopita niliishia pale linapozimika. Leo nasema nani alilizima.

Tuanzie kwa Wakala, wale wauzaji na mafundi walioidhinishwa na kiwanda cha magari ya aina ile.

Jina lake siliandiki. Si kwa adabu, ni kwa woga, wana wanasheria. Nyumbani sie tuliita tu kwa Wakala. Ni jengo la vioo vitupu. Ndani kuna kiyoyozi, sofa nyeupe, kahawa ya bure, na tangi la samaki. Nikajiuliza, hawa samaki wanatengeneza nini hapa?

Akatokea meneja wa huduma, Fakihi. Tai shingoni, viatu vinang'aa kuliko magari yenyewe.

"Karibu sana, Bwana Aiman. Gari lako liko kwenye mikono salama. Kahawa au maji?"

"Mie nataka kuona linavyofunguliwa," nikasema.

Akanitazama kama mtu aliyekuta kuku sebuleni.

"Mzee, wateja hawaingii karakana. Ni utaratibu wa kimataifa. Usalama."

"Usalama wa nani?"

Aiman akanivuta shati. "Babu, kaa bwana! Hawa watu wamesomea Ujerumani."

Nikakaa. Lakini ukimkalisha mtu wa lori kwenye sofa laini unampa muda wa kufikiri, na mie nikafikiri.

Gereji zetu za Temeke hazina samaki, lakini zina ustaarabu wake. Oili unanunua mwenyewe. Unasimama juu ya kichwa cha fundi. Hafungui kopo mpaka macho yako yawe pale, na masikio yako yasikie kizibo kikikatika, trak! Akishamimina, anachukua msumari na kulitoboa kopo tupu mbele yako, ili wahuni wanaokusanya makopo wasilijaze uchafu wakamuuzia mjomba wako. Fundi asiyetoboa, ujue kopo lina mwenyewe anayelisubiri. Kanuni hiyo hakuileta mzungu, na haijabandikwa ukutani popote, lakini mtoto wa Tandika anaijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Baada ya saa mbili tukaletewa ufunguo kwenye kisahani, kama hirizi.

"Bwana Fakihi, makopo yetu yako wapi?"

"Makopo gani, mzee?"

"Ya oili mliyomimina. Tuyatoboe."

Mabinti wa mapokezi wakaangua kicheko. Fakihi naye akacheka, kwa meno ya mbele tu.

"Mzee, hapa hatutoboi makopo. Hapa ni kompyuta."

Nikaomba choo. Choo chao kiko nyuma, na huko nyuma kuna geti la mabati, na mabati hayajawahi kunishinda. Nikachungulia.

Nikaona pipa kubwa la bluu lenye pampu ya mkono. Fundi mwenye ovaroli nyeupe anapampu oili kwenye jagi. Jagi la kwanza likaingia kwenye pikapu. La pili likaingia kwenye basi dogo la shule. La tatu, bila hata jagi kufutwa, likaenda kwenye gari la spoti, pacha wa la Aiman.

Kwenye risiti yetu kulikuwa na jina la oili refu kama jina la padri wa Italia. Pipa halikuwa na jina.

Tulipotoka tu nikamwambia Aiman.

"Pipa moja, Aiman. Linanyonyesha wote."

"Umeona vibaya, babu. Wewe una mtoto wa jicho."

"Mtoto wa jicho ninaye. Lakini pipa halikuwa dogo."

Akawasha muziki. Ndivyo vijana hawa wanavyojibu hoja siku hizi.

Lakini neno likamkaa. Baada ya miezi mitatu, sevisi nyingine ilipokaribia, akampigia binamu yake Hudhaifa aliyeko Muscat, akatumiwa makopo sita ya oili halisi, yamefungwa kwa nailoni kama manukato.

"Haya babu, umeshinda. Kwa Wakala siendi. Nipeleke kwa huyo fundi wako."

Nilivimba kichwa, siwafichi. Mtoto wa tajiri kaacha vioo kanifuata mie! Nikampeleka kwa Gregori.

Gregori ni mtu wa Masasi, tunatoka upande mmoja wa nchi. Gereji yake Temeke ni bati kumi na nguzo nne, na mlangoni mkewe Sesilia anakaanga mihogo. Ana ugonjwa mmoja ambao sijauona kwa mafundi wengi: anasoma.

Aiman alishuka na raba zake nyeupe, anakanyaga kama anayepita kwenye mayai.

"Kitabu cha gari kipo?" Gregori akauliza.

"Kitabu cha nini?" nikamkejeli. "Wewe si fundi?"

"Kaka Romani, fundi asiyefungua kitabu ni mganga."

Akasoma, anafuata mstari kwa kidole. Akalinganisha na kopo. "Ziro twenti. Ndiyo yenyewe, braza," akamwambia Aiman. Akafungua bolti chini, ile oili ya kwa Wakala ikashuka nyeusi, ina harufu ya kuungua. Aiman akaikodolea macho. Kisha trak, trak, makopo mapya yakafunguliwa.

Nikachovya kidole. Ilikuwa nyepesi, inateleza, karibu haina rangi.

"Hii oili au maji ya ndimu?"

"Ni nyepesi makusudi, kaka. Injini hizi zina njia nyembamba kama mishipa ya mtoto mchanga. Nzito haipiti."

"Mie nimepanda mlima Kitonga na tani thelathini, oili imekaa kama uji wa ulezi!"

"Hili si lori. Na Boko hakuna Kitonga."

Gereji nzima ikacheka. Aiman akacheka. Sesilia naye akacheka huku ananinyooshea kipande cha muhogo. "Kula, shemeji, hasira zishuke."

Nikala. Hazikushuka.

Gregori akayatoboa makopo yote sita kwa msumari, moja moja, akayatia kwenye kiroba. Kazi ilikuwa safi. Naandika tena kwa sababu nataka mlishike hili: kazi ya Gregori ilikuwa safi.

Sasa nafika mahali ambapo nimezungukazunguka nisipafikie.

Ijumaa iliyofuata Mzee Zahor na Aiman walikwenda msikitini. Mie nikabaki naosha gari. Nikaliwasha. Likalia kwa wepesi, tik tik tik, kama cherehani. Nikasimama pale na kitambaa mkononi, nikasikia wale watu wa gereji wakicheka upya.

Nikajiambia: oili hii itakaushwa na jua la Dar. Kijana wa watu ataua gari. Mie niliyeligundua pipa la Wakala, nitashindwaje kumgundua na Gregori?

Mjinga akipatia mara moja, jamani, mkimbieni.

Nikainua gari kwa jeki. Nikafungua bolti, nikaikinga ile oili nyepesi kwenye dumu la maji, nikalisukuma dumu mvunguni mwa kitanda changu. Kisha nikatoa galoni langu mwenyewe, oili nzito ya lori, niliyobaki nayo kutoka safari ya mwisho. Nikamimina. Juu yake nikaongeza dawa ya kuipa injini nguvu, ile inayouzwa mkononi kwenye foleni ya Mwenge, nzito kama asali. Nikavusha alama ya kipimo kwa vidole viwili, maana lori hupenda kushiba.

Nikafunga boneti, nikanawa.

Waliporudi msikitini, mama wa nyumba, Bi Zubeida, akanitumia sahani ya pilau. Nikala pilau ya watu kwa mikono ileile.

Jioni Aiman alirudi kutoka matembezini anatabasamu. "Babu, leo linaunguruma, ee! Limekuwa na sauti nzito kama dume!"

"Fundi mzuri," nikamjibu.

Jumatano iliyofuata, barabara ya Bagamoyo, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Aiman akadhani inamdai mkanda. Akafunga mkanda, akaongeza mwendo. Injini ikagonga mara tatu kama mtu anayebisha hodi, ikanyamaza. Ikawa imenoki.

Nyumbani Mzee Zahor aliuliza swali moja tu, kwa upole, kama anayeuliza bei ya misumari.

"Nani aliligusa mwisho?"

"Fundi wa Temeke," Aiman akasema. "Gregori."

Mie nilikuwa nimesimama pale na ndoo. Mngeniona, mngesema nami ni ndoo.

Saa tisa alasiri Gregori akachukuliwa na polisi gerejini kwake, mikono ina grisi. Kosa: kuharibu mali kwa makusudi. Jumatatu mahakamani. Akitiwa hatiani, gereza la Ukonga linamngoja, na ile gereji ya bati kumi na nguzo nne itakuwa ya mwingine.

Ndivyo nilivyojikuta kwenye breki dauni nimepakata karatasi, nalipeleka gari kwa Wakala likapimwe.

Fakihi alitupokea kwa huzuni ya msibani. Akaliingiza gari ndani, kisha akanigeukia.

"Mzee, leo karibu karakana."

Wakati wa sevisi nilikuwa kuku sebuleni. Leo nimekuwa mgeni rasmi. Nikajua kuna jambo.

Akafungua bolti mwenyewe. Oili ikashuka taratibu, inavutika, kama haitaki kutoka. Akaisugua kati ya vidole viwili.

"Hii nini?"

"Oili."

"Hii ya lori, mzee. Baba yangu alikuwa utingo, nimelala juu ya magaloni ya oili hii tangu sijaota meno. Aiman kaniambia fundi kaletewa makopo sita ya ziro twenti, kayamimina mbele ya mwenye gari. Hii kaitoa wapi?"

Nikatazama viatu vyake vinavyong'aa.

"Wewe umeendesha lori miaka mingapi?"

"Thelathini na nane."

"Basi."

Nikanyoosha kidole kwenye kona. Pipa la bluu lilikuwa palepale.

"Na lile ni la nini?"

Akalegeza tai. Ndipo nikaona kumbe naye ana shingo.

"Tufanye hivi, mzee wangu," akasema, sauti imeshuka. "Wewe hukuona pipa. Mie sijaona lori. Ripoti yangu inasema oili isiyo sahihi, iliyowekwa na fundi asiyeidhinishwa. Unathibitisha hapa kama shahidi wa familia. Kila mtu anarudi kwake."

"Na Gregori?"

"Gregori nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa hamjui kweli.

Nikaishika kalamu. Mie najua kuandika, nyie ni mashahidi. Lakini jina langu likakataa kushuka kwenye karatasi ile. Nikaomba wino, nikabandika dole gumba kama mtu ambaye hajawahi kuiona shule. Fakihi akapiga muhuri pembeni yake, pa! Akaniuliza kama nataka kahawa.

Nikainywa. Ilikuwa kahawa nzuri.

Jumamosi asubuhi nafagia mbele ya geti, nikamwona Sesilia anakuja kwa miguu, kiroba begani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Za huko?"

"Huko kupo. Nimetoka kumpelekea uji. Ananichekea mtu mzima yule! Anasema, usilie mama, kaka Romani alikuwepo. Kaichovya oili kwa kidole chake. Atasema."

Nikaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

"Makopo haya hapa," akakishusha kiroba. "Yote sita yametobolewa. Nimewapelekea polisi, wanasema kopo tupu halisemi kitu. Wewe una mdomo, shemeji. Utasema?"

"Nitasema."

"Lini? Jumatatu keshokutwa."

"Nimesema nitasema, Sesilia."

"Mbona hunitazami?"

Nikamtazama. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala siku tatu, na bado ananiheshimu. Afadhali angenitukana.

"Kuna kitu unakijua," akasema polepole.

"Nenda nyumbani. Kesho nazungumza na mzee."

Hakuaga. Alibeba kiroba chake akaondoka, makopo yanagongana mgongoni.

Jumapili baada ya sala ya alasiri, Mzee Zahor alikuwa kibarazani na kahawa yake, Aiman pembeni anachezea simu, Bi Zubeida anapepeta mchele. Nikalitoa dumu mvunguni, nikaenda nikaliweka mbele yao.

"Mzee Zahor, gari nimeliua mie."

Bi Zubeida akaacha kupepeta.

"Babu, unasema nini?" Aiman akainuka.

Nikasema yote. Ijumaa, jeki, bolti, galoni la lori, dawa ya foleni ya Mwenge. Nikafungua dumu. "Oili yenu ya Muscat hii hapa. Chovyeni. Gregori hana kosa hata la kupenga kamasi."

Mzee Zahor akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa.

"Huyu Gregori ni nani kwako?"

"Mtu wa kwetu."

"Ndugu yako?"

"Mzee, sisi wa Kusini wote ni ndugu."

"Ahaa," akasema.

Nilitamani kuirudisha kauli mdomoni. Ilikuwa imeshaota mizizi.

Aiman akampigia Fakihi, akaweka sauti ya nje. Sauti ikatoka laini, imenyooka kama ile tai.

"Bwana Aiman, haya tunayaona kila siku. Watu wa chini wanalindana. Yeye mwenyewe kashuhudia hapa, dole lake ninalo. Halafu ukumbuke, gari likiharibiwa na dereva wako wa nyumbani, bima hawaligusi. Likiharibiwa na fundi wa nje, hiyo ni jinai, wanashughulika. Sikushauri kitu. Nakukumbusha tu."

"Mwambie na habari ya pipa!" nikapiga kelele.

"Pipa gani, mzee?"

Simu ikakatika.

Aiman akanitazama. Nimeishi na maaskari wa mizani, maofisa wa forodha na wenye nyumba za wageni. Uso wa mtu aliyeamini naujua. Aiman aliniamini. Imani hiyo ilidumu kama pumzi mbili. Kisha akageuka akatazama pale uani gari lilipokuwa likiegeshwa, sakafu ina doa jeusi.

"Umechoka, babu," akasema. "Kapumzike."

"Aiman, unajua nasema kweli."

"Nimekwambia kapumzike!"

Bi Zubeida alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Maskini ya Mungu, ana moyo mzuri. Anataka kujitia kitanzi kwa ajili ya mtu wa kwao. Siku hizi nani anafanya hivi?" Akaingia ndani, akatoka na sahani ya biriani, nyama tatu juu.

Na Mzee Zahor, wallahi kama wasemavyo wenyewe, akaniwekea mkono begani.

"Mola akulipe kwa nia yako, Mzee Romani. Lakini uongo ni uongo, hata ukiwa wa huruma. Usirudie."

Nimewadanganya trafiki wa nchi nne. Nimewadanganya wanawake watatu na padri mmoja. Wote waliniamini. Siku nimesema kweli, nimehubiriwa juu ya uongo na kupewa biriani.

Jumatatu kabla jua halijapanda nilikuwa kituoni. Askari wa zamu alikuwa na adabu zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kusema mwenye kosa ni mie."

Akafungua jalada. "Mzee Romani wa Boko? Maelezo yako tunayo, Wakala ameshatuletea. Dole hili si lako?"

"Langu. Nataka kulifuta."

"Dole halifutwi, mzee wangu. Kama ulidanganya hapa, hilo nalo ni kosa. Kama unadanganya sasa, ni kosa pia. Kaa nalo, uje uchague moja mbele ya hakimu."

Akanifungulia mlango mwenyewe kwa heshima ya mvi zangu.

Mpaka Jumatatu jioni hali ilikuwa hivi.

Gari liko kwa Wakala, injini imetolewa, wanasubiri nyingine kutoka ng'ambo. Ikifika watalijaza oili, na mnajua itatoka wapi.

Fakihi hajambo.

Aiman anaendesha gari la mama yake. Haniiti babu tena, ananiita Mzee Romani, na anaosha gari mwenyewe.

Mzee Zahor amenifungia feni mpya chumbani. Oili ya Muscat ameigawa kwa majirani wapake bawaba za mageti.

Bi Zubeida anaendelea kunipakulia, na amewasimulia wanawake wa mtaa wote habari za moyo wangu.

Sesilia ameifunga gereji kwa mnyororo. Mihogo hakaangi. Kule mahakamani alikaa benchi moja nami, watu wawili katikati yetu, hakugeuka.

Gregori alisomewa shitaka saa nne asubuhi. Akasema si kweli. Wadhamini walitakiwa wawili, akapatikana mmoja. Akapandishwa basi la magereza kwenda mahabusu ya Keko, na kabla hajaingia aliangaza macho kwenye umati, akaniona, akanipungia mkono kwa furaha, akasema kwa sauti, "Kaka! Nilijua utakuja!"

Kesi itasikilizwa tarehe kumi na nne. Karani alisoma majina ya mashahidi wa upande wa mashtaka, watatu. Wa tatu ni Fakihi. Wa pili ni Aiman. Wa kwanza ni mimi.